Tuzijue Kuta Kabla ya Kuzigusa: Waraka kwa Washirika wa Kaloleni

Kwa makasisi, wasomaji, wazee wa kanisa, akina mama wa Umoja, akina baba, vijana na watoto wa shule ya Jumapili, katika makanisa yetu ya Kaloleni, na kwa majirani zetu wa Rabai, Ribe, Kambe na Jibana.



Nawaandikia kabla mvua za masika hazijatufikia, na ninawaandikia kwa jambo moja tu. Makanisa yetu mengi wakati huu yana kamati za ujenzi. Bahasha za harambee zinagawiwa, ramani zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo, mafundi wanakuja kupima. Hayo ni mema, ni dalili ya kanisa linaloishi. Lakini pale ambapo kamati imerithi kanisa la zamani, lile la mawe na chokaa, maneno yanayosikika ni mawili: libomolewe, au lipigwe lipu ya saruji lifanane na ya kisasa. Ombi langu kwenu ni kwamba asiguse mtu ukuta wa kanisa la zamani mpaka washirika wawe wamejua nani aliujenga na kwa kitu gani. Nitaeleza sababu zangu, nitawajibu wale wasiokubaliana nami, kisha nitapendekeza la kufanya.

1. Waliojenga ni akina nani

Nianze na Rabai, kwa sababu ndiko mlango ambao Injili iliingilia upande huu wa nchi, na kwa sababu historia ya Rabai tunaijua nusu tu.

Nusu tunayoijua ni ya shuleni. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Kaburi la Rosina liko Nyali hadi leo. Johannes Rebmann alimfuata mwaka 1846, na mwaka huo wote wawili wakapanda vilima hadi Rabai, wakakaa kwa ruhusa ya wazee wa Kirabai. Kutoka hapo Rebmann alisafiri bara akaiona theluji ya Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 1849. Krapf aliondoka mwaka 1853. Rebmann alibaki hadi 1875, miaka karibu thelathini, na alipoondoka alikuwa kipofu, akishikwa mkono na Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, aliyesafiri naye hadi Ulaya.

Sasa hesabuni miaka. Rebmann alifariki mwaka 1876. Krapf alifariki mwaka 1881. Kanisa la mawe la Mtakatifu Paulo, lile tunalolionyesha wageni kwa fahari, lilikamilika mwaka 1887. Hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyeweka jiwe ndani yake. Kila tunapomwambia mtoto kwamba kanisa lile "lilijengwa na Krapf", tunawanyang'anya kazi wale walioifanya.

Basi mwaka 1887 Rabai palikuwa na nani? Palikuwa na Warabai wenyewe, na Wagiriama waliokuwa wameanza kusoma Neno miaka mingi kabla. Kumbukeni kwamba miongoni mwa wa kwanza kabisa kumsikiliza Krapf alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, ambaye hakuwa na cheo wala mali. Baada yake wakaja Abe Gunja na mwanawe Nyondo. Kwetu Ugiriama alikuwepo Abe Ngoa, aliyewakusanya watu wake kusoma Maandiko bila kumngoja mzungu yeyote, na kutoka kwa kundi la aina hiyo kukatokea makazi ya Fuladoyo. Kule Fuladoyo alihudumu David Koi, aliyeuawa mwaka 1883 kwa sababu ya imani yake na kwa sababu watu wake waliwapokea watumwa waliotoroka.

Palikuwa pia na wale walioitwa Waafrika wa Bombay: watoto waliotekwa, wakaokolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakalelewa na kufundishwa India, kisha wakarudishwa Afrika. William Jones na George David walifika Mombasa mwaka 1864 kumsaidia Rebmann. Jones ndiye aliyekuja kuwa kiongozi wa Rabai. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa ushemasi pamoja na Ishmael Semler. Miezi michache baadaye Jones alifuatana na askofu huyo kwenda Uganda, na Hannington alipouawa Busoga mwezi Oktoba, ni Jones aliyewakusanya wapagazi waliobaki na kuwarudisha nyumbani Rabai mwanzoni mwa 1886, wakiwa na njaa na misiba. Kanisa lilikamilika mwaka uliofuata.

Na walikuwepo watoro. Hawa walikuwa watu waliokimbia mashamba ya minazi na nafaka ya pwani, wakapanda vilima usiku, wakaomba hifadhi misheni. Walilima, wakajenga, wakaoa, wakazaa. Mbele ya sheria ya siku hizo walikuwa bado mali ya watu. Uhuru wao ulinunuliwa baada ya George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki kukubaliana na mabwana wao juu ya fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni nyingine za jirani wakapewa hati zao.

Wekeni tarehe hizo mbili pamoja: kanisa 1887, hati za uhuru 1889. Maana yake ni kwamba kanisa la Rabai lilipofunguliwa, wengi waliopiga magoti ndani yake bado wangeweza kudaiwa mlangoni na mabwana wao. Waliimba ndani ya nyumba ya mawe huku wao wenyewe wakiwa hawajahesabiwa kuwa watu huru. Na mikono iliyokuwepo Rabai ya kubeba mawe, kuchoma chokaa na kukata boriti ilikuwa mikono yao na ya majirani zao Warabai na Wagiriama. Sijui ushuhuda wa imani ulio mzito kuliko huo katika nchi hii.

2. Kwa nini ukuta una uzito kuliko karatasi

Barua za wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) zimehifadhiwa vizuri. Ziko Birmingham, Uingereza, katika chuo kikuu cha mji huo, na mtafiti yeyote anaweza kuzisoma. Humo yamo majina ya makasisi, hesabu za fedha na malalamiko ya homa. Fundi aliyesimamisha pembe ya ukuta kwa timazi hakuandika barua. Mama aliyebeba maji ya kuzimia chokaa kichwani kutoka mtoni hakuandika barua. Alichoandika yeye ni ule ukuta. Tukiubomoa, au tukiufunika kwa inchi mbili za saruji hadi uanguke wenyewe, tumefuta maandishi yake yote, kwa maana hana nakala mahali pengine.

Msomeni Nehemia sura ya 3. Wasomaji wengi huiruka kwa sababu ni orodha ndefu ya majina. Lakini angalieni ilivyo: kila kipande cha ukuta wa Yerusalemu kimetajwa pamoja na aliyekijenga. Wamo makuhani, wamo wafua dhahabu, wamo watengeneza manukato, yumo mtu aliyejenga pamoja na binti zake, na wamo waliojenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hata wakubwa waliokataa kuinama kwa kazi wametajwa. Roho wa Mungu aliona orodha ya mafundi inafaa kuwa Neno. Sisi tutasema orodha yetu haina kazi?

Waulizeni vijana wetu ni wangapi wanaolijua jina la David Koi. Kisha waulizeni ni wangapi wanaolijua jina la Krapf. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo inayonifanya niandike.

3. Ukuta wenyewe umejengwaje

Wenzetu wa kamati za ujenzi, sehemu hii ni yenu hasa.

Mungu ametupa nchi ya mawe. Kuanzia Mazeras hadi Mariakani kuna mawe ya mchanga, yale mapana yanayotandikwa nyuani. Kambe na Jibana kuna mawe ya chokaa, mazito. Chini ufuoni kuna matumbawe, ambayo yamejenga Mombasa, Lamu, Malindi na Zanzibar kwa karne nyingi. Wajenzi wa misheni hawakuleta ufundi wao wote kutoka Ulaya. Waliukuta ufundi wa chokaa umekomaa pwani hii, wakaufuata.

Chokaa ya zamani ilichomwa. Mawe yalipangwa juu ya magogo, moto ukawaka kutwa kucha hadi jiwe likawa jepesi. Kisha likamwagiwa maji, likachemka na kufumuka kuwa unga. Ndiko kuzima chokaa. Ikaachwa shimoni majuma mengi ilainike. Ndipo ikachanganywa, kwa kawaida sehemu 1 ya chokaa kwa 3 za mchanga, ikapakwa kwa tabaka nyembamba, na kila tabaka ikafunikwa kwa magunia mabichi isikauke haraka. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa, siku kwa siku. Fundi wa chokaa hakuwa mtu wa haraka.

Jengo lenyewe la kanisa la misheni la pwani lina akili nyingi ndani ya sura yake nyepesi. Kuta ni nene, kwa hiyo joto la mchana halipiti upesi. Paa liko juu na lina mteremko mkali, hewa moto ikapanda na mvua ikateremka. Madirisha marefu yametazamana, upepo wa kusi ukaingia huku ukatoka kule, na kaskazi hali kadhalika. Simama ndani ya kanisa la namna hiyo saa saba mchana mwezi wa Februari, kisha uende ukasimame ndani ya ukumbi wenye madirisha ya alumini yasiyofunguka na dari ya jipsam iliyoshushwa, stima ikiwa imepotea. Mwili wako utakueleza nani alifikiria zaidi.

Sasa saruji. Sina ugomvi na saruji. Imetengenezwa hapa hapa Kaloleni na imewapa watoto wetu kazi. Kwa jengo jipya la matofali ya saruji inafaa kabisa. Lakini juu ya ukuta wa chokaa ni adui, na sababu yake ni ya kawaida. Ardhi ina unyevu, na ukuta wa zamani huunyonya unyevu huo kutoka chini. Ukuta uliopakwa chokaa huutoa nje, ukakauka na jua. Ukuta uliovikwa saruji ni kama mtu aliyevaa koti la mvua wakati wa kaskazi: jasho halina pa kutokea. Maji yanapanda juu zaidi, yanabeba chumvi, na ile chokaa ya ndani inayoshikilia mawe inageuka unga. Kwa nje ukuta unang'aa. Ndani unakufa.

Mnaweza kuujaribu wenyewe bila mtaalamu. Nenda kwenye ukuta wa zamani uliopigwa lipu ya saruji, inama hadi usawa wa goti, ugonge kwa kifundo cha kidole. Ukisikia sauti nzito, lipu bado imeshika. Ukisikia sauti ya wazi kama debe, imeachana na jiwe. Tazama pembeni: kuna unga mweupe wa chumvi umeota, na rangi ya plastiki imefura kwa malengelenge. Kwangua lengelenge moja kwa ukucha, na mchanga utamwagika mkononi mwako. Mchanga huo ndio ukuta wenyewe. Nimeona kanisa moja, silitaji, ambalo lilipambwa hivyo kwa sherehe kubwa, na baada ya masika chache fundi akawa anaweza kuingiza kalamu nzima kati ya mawe.

Tusidhani jambo hili ni dogo. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Zanzibar, iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu 2 wakapoteza maisha. Jumba lile lilikuwa na serikali nyuma yake, na sifa ya dunia nzima. Kanisa letu la kijijini lina sisi tu.

Lakini Zanzibar hiyo hiyo ina habari njema. Kanisa Kuu la Kristo pale Mkunazini lilianza kujengwa mwaka 1873 juu ya uwanja wa soko la watumwa lililokuwa limefungwa, ukaendelezwa ujenzi wake chini ya Askofu Edward Steere, na paa lake ni kuba lililojengwa kwa matumbawe yaliyopondwa. Lilipochakaa, lilifanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2016, na mafundi wa Zanzibar wenyewe wakafanya kazi ya chokaa. Limesimama. Inawezekana, basi, na inawezekana kwa mikono ya Waswahili.

4. Kwa wale wasiokubaliana nami

Wako wanaosema: kanisa limejaa, watoto wanakaa nje chini ya mwembe, na wewe unatuambia habari za mawe. Nawasikia, na ni kweli. Jibu langu ni kwamba jengeni jipya, tena kubwa, lakini jengeni kando. Kanisa la zamani libaki kwa maombi ya katikati ya wiki, kwa shule ya Jumapili, kwa ndoa, kwa ibada ya Kigiriama ya alfajiri. Kiwanja kikiwa kidogo, mchoraji wa ramani apewe kazi ya kuliingiza la zamani ndani ya jipya. Kubomoa ndiyo njia ya yule ambaye hajafikiri bado.

Wako wanaosema: haya ni majengo ya wakoloni. Hoja hii naiheshimu, kwa maana sisi ni wajukuu wa waliomfuata Mekatilili wa Menza alipowapinga Waingereza. Aliondolewa kwao akapelekwa Kisii mwaka 1913, na mwaka 1914 serikali ikailipua kaya takatifu ya Wagiriama kwa baruti. Hatutasahau, na kanisa lisilokumbuka hayo halistahili kuhubiri kwetu. Lakini tuseme mambo kwa tarehe zake. Waingereza walitangaza himaya yao nchi hii mwaka 1895. Kanisa la Rabai lilikuwa limeshasimama miaka 8. Waliolijenga walikuwa wameukimbia utumwa, au ni wenyeji waliowapokea. Kumwachia mkoloni sifa ya kazi yao ni kumpa zawadi asiyostahili.

Wako wanaosema: fedha ziende hospitali na karo za yatima. Ziende. Huduma ya hospitali ya Mtakatifu Luka hapa Kaloleni ni sehemu ya urithi ule ule, na kanisa lisilojali mgonjwa limepotea njia. Lakini matunzo ya ukuta wa chokaa hayahitaji mamilioni. Yanahitaji gata lisiloziba, mtaro uliochimbwa na fundi mwenye subira. Gharama kubwa huja kwa wale waliopuuza miaka ishirini, kisha wakaita mkandarasi.

Na wako wanaosema kwa unyenyekevu kwamba Mungu haishi katika nyumba zilizojengwa kwa mikono. Amina. Ndiyo sababu sisemi tuabudu jengo. Nasema tusiwadharau waliolijenga wakimwabudu Mungu.

Kwa hili tuna walimu karibu. Wazee wa kaya wametunza misitu ya Kaya Ribe, Kaya Kambe, Kaya Jibana na nyinginezo kwa kanuni chache tu: mti haukatwi ovyo, njia ya kuingilia inajulikana, na kuna watu waliokabidhiwa jukumu. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu hiyo katika orodha ya urithi wa dunia. Mkristo hahitaji kufanya tambiko ili ajifunze nidhamu hiyo. Kama Mmijikenda ameweza kuhifadhi msitu bila bajeti na bila kamati, hatushindwi na ukuta.

5. Tufanye nini

Naomba kila baraza la kanisa lijadili mambo haya sita, na liyaandike kwenye kumbukumbu za mkutano.

Kwanza, tusimamishe kwa muda lipu ya saruji, rangi ya mafuta na ubomoaji katika jengo lolote la mawe na chokaa, mpaka likaguliwe na mtu anayeijua kazi hiyo. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana ofisi Mombasa na yanasimamia makumbusho ya Rabai, pale zilipo nyumba zinazokumbukwa kwa majina ya Krapf na Rebmann. Sheria ya makumbusho na turathi ya mwaka 2006 inawapa wajibu huo. Tuwaandikie barua rasmi, na tuhifadhi nakala.

Pili, tuanze na maji. Kabla ya masika, vijana wapande wasafishe gata na kuangalia misumari ya mabati iliyolegea. Udongo uliorundikana ukutani uondolewe hadi ukuta uonekane kuanzia chini. Mtaro uchimbwe wa kupeleka maji mbali. Mti uliojiotea ukutani using'olewe kwa nguvu, kwa maana mizizi itatoka na mawe. Ukatwe, kisha kisiki kiuliwe polepole. Boriti zikaguliwe mchwa. Kazi hii ya Jumamosi moja itaokoa zaidi ya harambee nzima.

Tatu, tupige picha na tupime. Simu zenu zinatosha. Kila ukuta upigwe picha nje na ndani, kila dirisha, kila maandishi, kila ufa. Kwenye ufa chora alama mbili za penseli pande zake, andika tarehe, na baada ya mwaka mpime tena. Ufa usiosogea ni kovu. Unaosogea ni ugonjwa.

Nne, tulinde vitabu. Rejista za ubatizo, ndoa na mazishi zitolewe kwenye makabati ya vestri yenye unyevu na mende, ziwekwe pakavu, kila ukurasa upigwe picha, na nakala iwekwe mahali pengine. Ndani ya vitabu hivyo yamo majina ambayo barua za Birmingham hazina.

Tano, tuwasikilize wazee wetu wangali hai. Umoja wa Akina Mama na vijana wachukue kazi hii pamoja. Nendeni nyumba kwa nyumba mkawaamkie, mkawaulize bila haraka: babu yako alifanya kazi gani kanisani? Chokaa ilichomewa wapi? Nani alipiga kengele? Jiwe lilitoka kwa nani, na alilipwa au alitoa? Aliyetoka utumwani alipokelewa na ukoo gani? Swali la mwisho liulizwe kwa heshima na faraghani, kwa maana zipo familia ambazo bado zinabeba aibu isiyo yao. Tuwaambie wazi kwamba kanisani jambo hilo ni taji, na anayemkejeli mtu kwa ajili yake ametenda dhambi.

Sita, tufundishe mafundi. Tuchague vijana wawili kutoka kila kanisa, wa kike au wa kiume, wakajifunze kuzima chokaa na kupiga lipu ya zamani kwa mafundi wa Mombasa, Lamu au Zanzibar. Wakirudi watakuwa na kazi maisha yao yote, kwa kuwa kutoka Vanga hadi Kiunga pwani hii imejaa majengo yanayowangoja.

6. Neno la mwisho

Ndugu zangu, wale waliokamilisha kanisa la Rabai mwaka 1887 hawakuwa na hakika kwamba mwaka utakaofuata wangekuwa bado pale. Mwenye mtumwa angeweza kuja na watu wake. Njaa ilikuwa karibu. Hata hivyo hawakujenga kibanda cha kupita. Walijenga kwa mawe, kwa unene wa kudumu. Walijenga kwa ajili ya watu wasiowajua, yaani sisi. Deni hilo halilipwi kwa hotuba ya siku ya ukumbusho. Linalipwa kwa ngazi, koleo, magunia mabichi na daftari.

Basi naomba kila kanisa litenge Jumapili moja baada ya masika, baada ya ibada, tukutane kwa ajili ya jambo hili. Kila mshirika atakayekuja aje na jina moja la mtu aliyefanya kazi kwenye jengo la kanisa lake: fundi, mpagazi, mchota maji, mpishi wa wajenzi, mtoaji wa shamba. Asiye na jina aende kwanza akalitafute kwa wazee wa ukoo wake. Majina hayo tutayaandika kwenye kitabu, tutayasoma kwa sauti mbele ya madhabahu, na kamati ya ujenzi haitakata shauri lolote juu ya kuta za zamani kabla ya kuyasikia.

Mungu aliyewapa wao nguvu ya kujenga na atupe sisi akili ya kutunza. Neema na amani ziwe nanyi nyote, pamoja na nyumba zenu.

Ni mimi mshirika mwenzenu katika kazi ya Bwana,
Kaloleni.